Mpigo wa Shimo Jeusi

Nilikuwa na mume kijana, akanisaliti mbele ya watu waliovaa tai. Kusema kweli alikuwa mchumba wa mjukuu wangu, lakini utani ni utani: yeye aliniita mke mkubwa, nami nilimwekea kipande kinono.

Wote wawili walifanya kazi ofisi moja, ya kuchunguza nyota. Mjukuu alinieleza nikiwa nachambua mchele: shimo jeusi lenyewe halionekani, ila gesi linayoimeza hupata moto hadi ikatoa miale ya eksirei, ile ile ya kupigia picha mifupa, na setelaiti huinasa huko juu.

"Sasa bibi, langu linang'aa, linafifia, linang'aa tena. Kwa mpigo, kama linapumua."

"Limeshiba," nikasema.

Alicheka, macho yanawaka. Hakuna aliyewahi kuuona mpigo huo. Akamwonyesha mchumba hapo hapo kwenye kochi langu, akamsihi asimwambie mtu, bado hajaukagua.

Kwenye mkutano wao mkubwa nilivaa gauni langu la harusi za watu, nikaenda. Bwana akapanda jukwaani peke yake. "Nimegundua," akasema. Si "tumegundua." Mjukuu alinibana mkono mpaka pete yake ya uchumba ikaniuma.

Mzee mmoja mwenye kipara akauliza kwa upole, "Setelaiti inaizunguka dunia kwa muda gani?"

Akataja.

"Na mpigo wako?"

Muda ule ule. Kilichokuwa kikipumua ni chombo chenyewe, kikipata joto juani na kupoa kivulini mwa dunia. Shimo la watu lilikuwa limetulia. Bwana akamtazama mjukuu wangu, kama alivyozoea akikwama. Yeye akainama kufunga kiatu kisicho na kamba.

"Niliona kosa jana," akaninong'oneza. "Nimempigia simu kutwa nzima. Kumbe ndiyo maana hakupokea."

Jioni bwana alikuja nyumbani. "Mke mkubwa, niombee msamaha."

"Kaa, mume wangu. Kunywa chai kwanza. Umalize yote."

Akanywa kwa adabu. Pete aliikuta chini, kwenye sukari isiyoyeyuka.

Mjukuu alikuwa chumbani, mlango wazi.

Tangu siku hiyo sina mume. Kipande kinono nakula mwenyewe, wala hakina ladha.