Terazo ya Mama Yustina

Usiku wa jana niliota, na kwa kuwa nililala na njaa sina chakula cha kukisingizia.

Niko kwenye yadi ya Shekilindi, fundi wa terazo. Kwa asiyeijua, terazo ni sakafu ya vijiwe vya marumaru vilivyochanganywa na saruji, ikaachwa ikauke, kisha ikasuguliwa kwa mashine mpaka ikang'aa. Yadi hii naijua kuliko ninavyolijua kanisa. Kwa miaka minne, kila Jumamosi, mke wangu Leokadia alinileta hapa kutazama vibao vya sampuli, na kila Jumamosi tuliondoka bila kuchagua. Huu mwaka wa pili amelala kwenye udongo usiohitaji sakafu. Mimi naishi juu ya jamvi, lile zege la chini lenye makwaruzo linalosubiri sakafu yenyewe.

Sasa sina budi kuchagua. Binti yetu Yustina, aliyeolewa Dodoma, alinipigia simu wiki iliyopita. "Baba," akasema, "mtoto ameanza kutambaa. Kwenye jamvi hilo simleti, atabaki hana magoti. Ukishaweka sakafu tutakuja." Mjukuu ana miezi minane na sijamwona ila kwenye picha. Mimi ni kinyozi. Nimenyoa watoto wa nusu ya mtaa wetu wa Kihonda, ila kichwa cha mjukuu wangu sijakishika.

Sakafu ya kwangu ningeichagua kwa dakika moja. Tatizo nataka ya kwake, ile ambayo Leokadia angeichukua, na hakuwahi kuniambia ni ipi.

Kwa hiyo hata ndotoni nilijua nimefuata nini.

Vibao vya sampuli vimeketi kwenye benchi refu, kama wagonjwa wa kliniki, kila kimoja kimeshika karatasi yake ya namba. Shekilindi yuko mbele yao. Kuanzia kiunoni kwenda chini hayupo. Amezama ndani ya sakafu na saruji imeshamkaukia.

"Pole, fundi," nasema.

"Nilisimama mahali pabaya mapema," anajibu. "Wateja napokea kama kawaida. Namba moja!"

Kibao cha kijivu kinasimama. Kinakohoa vumbi.

"Mimi sionyeshi uchafu," kinasema.

"Hata ikimwagika chai?"

"Hata akifa mtu."

"Hilo limeshatokea," nasema.

"Unaona? Sakafuni hakuna kinachoonekana."

Nakiambia kikae. Kinasimama cha kijani, kizuri, kimeng'arishwa pande zote mbili.

"Mama Yustina alikuwa ananipitishia kidole kila Jumamosi," kinasema kwa sauti ya chini.

Nakisogelea. "Kumbe ni wewe aliyekuchagua?"

"Mimi alinipitishia kidole," kinasema cha jirani.

"Na mimi."

"Mpaka mimi niliyepasuka," kinasema kimoja huko mwisho wa benchi, na vyote vinainamisha vichwa. Navipa pole. Sikujua kwamba msiba wangu ulikuwa na wafiwa wengi kiasi hicho.

"Shekilindi, niambie wewe. Alitaka ipi?"

"Siri ya mteja siitoi. Muulize mwenyewe, yuko kazini."

"Kazini wapi? Leokadia amekufa."

"Ndiyo maana amepata nafasi."

Nageuka kumjibu, na yadi haipo. Niko chumbani kwangu na ndoo mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia. Ndani ya ndoo kuna mchanganyiko wa kijivu usio na kijiwe hata kimoja. Mashine ya kusugulia sakafu imesimama karibu na kitanda. Imevaa kile kitambaa cheupe ninachowafunga wateja shingoni.

"Sheria unazijua?" inauliza.

"Unaanzia chumba cha mwisho, unarudi kinyumenyume, unamalizia mlangoni."

"Na ulikopita?"

"Hapakanyagwi."

"Hapakanyagwi," inarudia, kama katekista. "Na huo mchanganyiko hauna vijiwe kwa sababu hujachagua. Ukikauka hivyo, basi. Nyumba itabaki na rangi ya matanga."

"Nina muda gani?"

"Kikombe cha chai. Bila andazi."

Napiga magoti, natandaza. Nafunika mahali pa viatu vya Leokadia vya kanda mbili, na mahali pale hapatakuwa pake tena. Nafunika upande wake wa kitanda. Kitanda kinainua miguu kama mama anayepisha fagio, kisha kinaishusha hewani, kinabaki hapo. Nafunika pale alipoangukia siku aliyokufa, akiwa na kanga mkononi, anatafuta nyingine ya kulinganisha nayo. Mwiko unataka kusimama. Mashine inaniambia nisisimame.

Nikifika koridoni nasikia mwiko mwingine. Unakwangua taratibu kutoka upande wa sebule, na ule mkwaruzo ningeutambua hata sokoni. Hivyo ndivyo alivyokuwa anakwangua ukoko.

Leokadia yuko sebuleni amepiga magoti, ana kitambaa cha kazi kichwani. Anatandaza kuanzia mlango wa mbele kuja ndani.

"Mama Yustina, unakosea!" nasema. Miaka miwili sijamwona, na hilo ndilo neno langu la kwanza. "Huwezi kuanzia mlangoni. Utajifungia ndani."

"Mimi si wa kutoka, Baba Yustina," anasema bila kuinua kichwa. "Sisi huwa tunatandaza kwenda ndani."

"Umenenepa."

"Nimelala sana. Na wewe nani anakunyoa? Umefanana na jogoo aliyeponea sikukuu."

"Kinyozi hajinyoi."

"Basi kinyozi atafute kinyozi. Mtu mzima unakaa kama pagale lisilo na mtu."

Tunaendelea, mimi kinyumenyume, yeye kwenda mbele. Chumba nilichotoka kimeshaganda na siwezi kukiona tena. Hatimaye katikati ya sebule kinabaki kipande kimoja kitupu, upana wa mkeka wa mtoto, na kati yetu kipande chembamba cha kioo cha kugawia sakafu. Yeye upande ule, mimi upande huu. Ndoo yangu inaanza kuwa nzito. Inakauka.

"Leokadia, niambie haraka. Ulichagua ipi?"

"Ile ya makande."

Nikakikumbuka kibao chenyewe. Jumamosi ya kwanza kabisa. Kilikuwa na vijiwe vyeupe na vyekundu vya hudhurungi, mahindi na maharage matupu. Nilisema, "Hii sakafu au chakula cha shule? Tukikosa mboga tutakuwa tunachota chini." Shekilindi alicheka mpaka akakaa. Leokadia naye alicheka. Utani ule niliupenda, nikaurudia kwenye kiti changu cha kunyolea mwezi mzima, na kila kichwa kilicheka, maana mtu mwenye wembe shingoni hucheka.

"Ile ni ya siku ya kwanza!" nasema.

"Nilichagua siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshacheka."

"Si ungesema tu! Ningeacha."

"Najua. Wiki ya pili nilikuja nimejiandaa kusema." Anaupangusa mwiko kwenye goti. "Tukiwa njiani ukaniuliza habari ya shangazi, nikakusimulia, ukasikiliza mpaka mwisho. Nyumbani ulikuwa na redio yako. Njiani redio haikuwepo. Nikasema moyoni, tusipochagua leo, Jumamosi tunarudi."

Nazihesabu zile Jumamosi.

"Miaka minne, Leokadia?"

"Ilikuwa njia fupi. Ungenipeleka wapi kwingine?"

Napitisha macho mwaka hadi mwaka, natafuta mahali pengine popote nilipompeleka. Natafuta kwa bidii. Mashine inaangalia pembeni kwa adabu.

"Siku moja nilikufokea kule," nasema.

"Ulisema mwanamke gani anachukua miaka minne kuchagua kitu cha kukanyaga."

"Watu walisikia?"

"Ulihakikisha wanasikia."

"Ilikuwa lini ile?"

"Jumamosi ya mwisho," anasema. "Hatukupata nyingine."

Ndoo inaguna mkononi mwangu. Natazama ndani: vijiwe vinapanda juu kimoja kimoja, vyeupe, vyekundu, kama sufuria inayoanza kuchemka. Namwaga. Naye anamwaga ya kwake upande wake. Rangi inakimbia kwenye sakafu yote, inapita koridoni, inaingia chumbani chini ya kitanda kilichosimama hewani. Nyumba nzima inakuwa makande. Ni nzuri. Nimeishi miaka sitini na moja nikidhani najua kitu kizuri nikikiona.

Sasa ni zamu ya mashine. Naishika kama ninavyoshika ya saluni. Sakafu inasema, "Punguza pembeni, juu acha kidogo." Nanyoa. Uji wa saruji unatoka, unajipanga kwenye mabakuli, hakuna anayeunywa. Vijiwe vinajitokeza, vinapepesa. Nanyoa mpaka kwenye ukuta, na hapo mashine inazimika.

"Mimi ni duara," inasema. "Kwenye kona siingii."

"Nani anaingia?"

"Kona husuguliwa kwa mkono. Kwa jiwe. Na huchukua muda, kwa hiyo wengi huziacha, halafu huweka kiti juu yake."

"Hizo niachie mimi," anasema Leokadia. Ana jiwe la msasa kwenye kiganja. Anakwenda kupiga magoti kwenye kona ya nyuma ya mlango.

Hapo nagundua niko nje. Sikutoka; sheria imenitoa. Nimesimama kwenye kizingiti, naye yuko ndani, na mbele yangu sebule nzima mbichi inang'aa.

"Siku saba usikanyage," anasema.

"Na mtoto? Yustina anamleta."

"Mtoto hakanyagi. Anatambaa."

Hapo nilitaka kumwomba msamaha. Nililipanga neno vizuri, nikalisukuma mpaka kwenye meno. Likatoka hivi: "Usisahau kona ya kabati."

"Hii kwanza," anasema. Jiwe lake linaendelea, kwaa, kwaa, kwaa. "Nitafanya nitakazoweza. Na wewe nenda ukanyolewe, mjukuu asikuogope."

"Leokadia."

"Funga mlango, vumbi la barabarani linaingia."

Nikaufunga. Siku zote alikuwa akiniambia niufunge na sikuufunga. Nikausikia mkwaruzo kupitia ubao wa mlango, ukipungua, kama mtu anayesugua huku akisogea mbali, ingawa kona haina mahali pa kusogea.

Nikaamka.

Asubuhi ilikuwa imeshaingia dirishani. Chini ya miguu yangu lilikuwa jamvi lilelile, la kijivu, lililonichuna kisigino kama salamu. Nikajicheka. Nikasema, mzee, usipokula usiku utaoa tena mkeo bila mahari. Nikachukua fagio, nikafagia chumba, korido, sebule. Nyuma ya mlango wa mbele fagio likateleza.

Nikasimama. Nikafagia tena. Likateleza.

Nikapiga magoti, nikapitisha kiganja. Kwenye kona ile, eneo lisilozidi sahani, zege lilikuwa laini kama ndani ya kibuyu. Nikaenda kona ya dirishani: makwaruzo. Kona ya koridoni: makwaruzo. Nikasukuma kabati, nikaingiza mkono nyuma yake. Kona ikanichuna. Nikarudi kwenye ile ya nyuma ya mlango, nikaweka kiganja, nikakiacha hapo mpaka zege likapata joto.

Halafu nikampigia Shekilindi, ambaye kwa sauti alionekana ana miguu yote.

"Mzee Kobelo! Asubuhi yote hii, kwema?"

"Nimechagua. Nataka ile ya makande."

"Ile uliyotuvunja nayo mbavu?"

"Hiyohiyo. Nyumba nzima. Uje leo, kuna mtoto anatambaa anasubiri. Kona ya nyuma ya mlango wa mbele usiiguse."

"Mzee wangu, terazo huwa inapanda juu ya jamvi. Ukiiruka kona itabaki shimo."

"Ibaki shimo."

"Lakini kwa nini?"

"Hiyo imeshasuguliwa."

"Imesuguliwa?" Nikamsikia anakaa kwenye kitu. "Umemweka fundi mwingine kimyakimya? Nani kasugua?"

"Mwenye nyumba," nikamwambia.