Sentimita Tatu za Bibi Fundi

Jumamosi hiyo, tangu saa nane mchana, chumba cha bibi fundi kilikuwa kimegeuzwa maabara. Kwenye msumari wa juu ya mlango, unaoning'iniza magauni yanayosubiri vifungo, watoto walikuwa wamefunga uzi mweusi wa cherehani. Mwisho wa uzi walifunga nati ya baiskeli, nayo ilibembea huku na huku kama mlevi asiyekumbuka nyumba yake ni ipi.

"Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini! Zima saa!"

Huyo alikuwa Redio, msichana aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Mvulana wa miwani aliyekaa chini juu ya mto, daftari magotini, ni Profesa. Yeye alipiga hesabu na kuchora grafu. Na wa tatu, aliyepanda kigoda kupima urefu wa uzi, alikuwa mjukuu wa fundi mwenyewe. Shuleni walimwita Kinyonga, kwa kuwa hakanyagi tawi kabla hajalijaribu mara mbili.

Jumatatu walikuwa na mtihani wa vitendo wa fizikia, mtihani wa mwisho wa sekondari. Maabara ya shule ilikuwa na meza nne na wanafunzi sitini, basi kila mtu akajitafutia pa kufanyia mazoezi.

Bibi alikuwa kwenye cherehani, anakunja pindo, anajifanya hasikii. Elimu yake ya darasani iliishia shule ya msingi. Iliyobaki aliipata kwa kusikiliza mambo yasiyomhusu. Ndivyo alivyojua, kufikia saa tisa, kwamba uzi ukiwa mrefu nati hubembea polepole, kwamba ukipima nyuzi za urefu mbalimbali unachora mstari, na kwamba mstari huo ukinyooka vizuri unakuambia dunia inavuta vitu kwa nguvu kiasi gani. Bibi alijua tangu zamani kwamba dunia inavuta. Magoti yake yalimwambia kila asubuhi.

"Haupiti sifuri," Profesa akasema, akavua miwani. "Tena! Uzi usiokuwepo hauwezi kubembea, kwa hiyo mstari lazima uanzie sifuri. Wetu unakata kwenye tatu."

"Tatu nini?" Redio akauliza.

"Sentimita tatu."

Mguu wa bibi ukasimama kwenye pedali.

Ukweli ni huu. Miaka kumi na mmoja nyuma, ncha ya tepu yake ya kupimia ilinaswa kwenye gurudumu la cherehani ikatafunika. Akaikata pale kwenye tatu, akarudishia kile kibati cha mwanzoni, akajisemea kesho nitanunua nyingine. Nani hutazama mwanzo wa tepu? Macho yote hukimbilia namba ya mwisho. Mteja alipimwa, akatajiwa namba, akaenda kununua kitambaa cha kutosha namba hiyo. Bibi alipokata, alitoa tatu kimoyomoyo: tatu za kifua, tatu za nyonga, tatu za kila mkono, na gauni likamkaa mwenye nalo kama ngozi. Mabaki yakabaki kwa bibi. Chumba kizima kilikuwa na mito mizuri ya viraka, na hakuna aliyewahi kuuliza mito hiyo mama yake nani.

Za mwizi arobaini, husema watu. Za bibi zilikuwa tatu.

"Kwani hamna rula nyie?" akauliza kwa sauti ya asali. "Tepu hiyo imezeeka, mume wangu, kama mimi."

"Rula yangu fupi, bibi," Profesa akajibu. "Halafu mama anasema tepu yako haijawahi kukosea hata unywele."

"Mama yako ana heshima sana," bibi akasema, na kwa mara ya kwanza heshima hiyo ikamwasha kama upupu.

Wakarudia. Uzi ukafupishwa, ukarefushwa, nati ikabembea, Redio akahesabu hadi sauti ikakauka, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Tatu. Wakarudia tena. Tatu.

"Tuuvute tu upite sifuri," Profesa akasema. "Msahihishaji atajua nini?"

"Nukta hazipo hapo," Kinyonga akasema kutoka kwenye kigoda. "Unataka mstari upite mahali ambapo hatujapima."

"Basi kosa ni la mpimaji. Saa ni nzima, hesabu nimekagua. Jamani, mjukuu wa fundi asiyejua kupima uzi!" Alitaka kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Redio alikuwa ametazama chini.

Kinyonga akashuka. Akafunga daftari lake, akalipigapiga kuondoa vumbi ambalo halikuwepo. "Yuko sahihi. Mara ishirini napima, mara ishirini nakosea kulekule. Jumatatu nyie nendeni. Mimi nitabaki nimtungie bibi uzi kwenye sindano, macho yake hayaoni tena."

Hapo shetani akamnong'oneza bibi kidogo, na bibi akamsikiliza kidogo. Ni kweli macho yalikuwa yamekwisha, na mtu wa kutunga uzi angefaa. Tena siri ingekaa salama mitoni. Lakini alimwona mtoto anavyoikunja ile tepu, polepole, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu alichokivunja. Mtoto aliyekuwa akisoma mekoni na mwiko mkononi, hadi ugali ukashika moto! Bibi akainuka, magoti yakalia.

"Nipe hiyo tepu, mke mwenzangu. Na wewe mume, lete rula yako."

Akailaza tepu juu ya rula mezani, kibati kwenye sifuri. Watoto wakainama. Pale rula iliposoma moja, tepu ilisoma nne.

Redio akaishika ncha ya tepu, akaigeuza. "Bibi! Mwanzo umekwenda wapi?"

"Ulikatika," bibi akasema. "Nikaizoea hivyo. Na nyie mnavyopenda maswali, msiulize la pili."

Lakini Profesa hakuitwa hivyo bure. Alitazama tepu, akatazama kabati lililojaa vitambaa, kisha akatazama polepole mto aliokalia tangu saa nane. Maua ya zambarau kwenye kitambaa cha manjano. "Bibi," akasema, "huu mto unafanana na gauni la mama la harusi ya mjomba."

"Haufanani nalo. Ndilo. Kalia mwanangu, ni mali ya kwenu."

Redio alianguka chini kwa kucheka. Kinyonga hakucheka. Alikuwa ameshika grafu kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga, uso unawaka.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe. Ulipima sawasawa. Aliyekudanganya ni bibi yako."

"Wanawake wa mtaa mzima hawakujua miaka yote hiyo," mtoto akasema, "na grafu imekukamata mchana mmoja! Profesa, piga hesabu ya mteremko wa mstari. Kila urefu umezidi kwa kiasi kilekile, kwa hiyo mstari umesogea tu, haujalala wala kusimama."

Profesa akapiga. Akapiga tena. "Tisa nukta nane, ileile ya kitabuni," akasema taratibu. Kisha, akiwa anaitazama miwani yake badala ya mwenzake: "Nisamehe, Kinyonga. Ningeuvuta ule mstari, tusingejua kamwe."

Jumatatu asubuhi Kinyonga aliondoka wa kwanza kati ya wote watatu. Saa tano, mama yake Profesa akaingia kwa bibi bila hodi, akaketi juu ya mto wa zambarau, akakunja mikono.

"Mama, nimesikia nimekalia gauni langu."

"Mwanao ana mdomo."

"Na wewe una mito. Mimi je?"

Bibi alikuwa bado anatafuta uongo wa kumtosha mteja wa ukubwa ule, watoto walipofika, Kinyonga mbele, anakimbia. Kinyonga kukimbia!

"Uzi, bibi! Walituletea uzi na kijiwe! Na rula ya mbao niliyopewa ilikuwa imelika mwanzoni. Mwenzangu wa meza ya pili, yake pia imelika, alipimia mwanzoni hivyohivyo. Mimi nikaanzia kwenye kumi, nikatoa kumi. Mstari umepita sifuri, barabara!"

"Nani alikufundisha kuanzia kumi?" mama yake Profesa akauliza.

Mtoto akamtazama bibi. Bibi akatazama dari.

"Bibi," Kinyonga akasema.

Yule mama akaupapasa mto aliokalia. Kisha akainuka, akachukua mito miwili kwapani, akautupia jicho wa tatu, akauacha. Mlangoni akageuka.

"Kesho naleta kitambaa cha blauzi. Na mpimaji awe mjukuu."

"Atakupima," bibi akasema. "Ila ni wa polepole huyo. Njoo na chakula."