Sifongo Mgongoni mwa Gogo

Mke wa Gogo aliiona sifongo ya baharini Jumamosi asubuhi, alipokuwa akimsugua mumewe mgongo bafuni. Ilikuwa imeota kati ya mabega: mirija ya rangi ya kiini cha yai, minene kama vidole, kila mmoja na tundu juu. Aliimwagia maji, ikayanywa kwa vitundu vidogo vya ubavuni na kuyatoa kwa lile tundu la juu, bila haraka.

"Ndiyo maana mashati yanakubana siku hizi," alisema.

Mumewe alikuwa mzamiaji wa kampuni iliyokuwa ikipasua mwamba kwa baruti ili meli kubwa zipite. Mzamiaji hapandi juu kwa mkupuo. Husubiri katikati ya njia mpaka mwili utulie. Wenzake walisubiri wakining'inia kwenye kamba. Yeye alikuwa mvivu wa kushika kamba, akawa anaegemea chini ya ukingo wa mwamba, kivulini, mahali maji yanapopita taratibu bila tope. Alitulia mpaka samaki wakamzoea, na wenzake wakambandika jina la Gogo. Sifongo hupenda mahali kama pale. Ikamkuta hatikisiki, ikaota.

Daktari wa kampuni aliipapasa akasema ina afya njema. Haikatiki, imeshika mbavu. Ila hiyo si ajali ya kazini.

"Hii huota kwenye mwamba wa matumbawe tu," alieleza kwa upole. "Na pale tunapochimba hapajawahi kuwa na mwamba, mama. Ni mchanga."

"Sasa hiyo baruti inapasua nini?"

Daktari alisema hilo si la kitengo chake.

Gogo akahamia kwenye pipa la maji uani, mkewe akawa anamkorogea chumvi ya mawe. Wifi mtu alimtania kwamba amepata bahati, mume asiyezurura. Mke alicheka, kisha akaingia jikoni akalia, kwa sababu mirija ilikuwa inageuka kijivu, na kila ilipofifia mumewe alikosa pumzi.

"Maji haya hayatembei, mama watoto," Gogo alisema.

Mke akamfuata msimamizi wa wazamiaji, ambaye hakuwa mtu mbaya. Alitoa boti ya kampuni siku hiyohiyo, wakampeleka Gogo kwenye mwamba uliobaki, nyuma ya mnara wa taa. Wenzake walimshusha mpaka chini ya ukingo wenye kivuli, wakamwegemeza vizuri.

Mke alivaa miwani ya kuzamia akachungulia. Mirija ilijaa, ikarudia umanjano wake. Uduvi wawili waliingia kwenye tundu mojawapo na kukagua kama wapangaji. Gogo, bila mtungi wa hewa, akampungia mkono. Hakuwa amefurahi hivyo tangu harusi yao.

"Hapa atastarehe, shemeji," msimamizi alisema akimpa taulo. "Huku baruti haifiki mpaka mwezi ujao."

Mke alijifuta uso taratibu, kisha shingo.

"Mtamhamisha kwanza?"

Msimamizi alitazama maji pande zote, akitafuta mahali kwa dhati.

"Tumhamishie wapi? Huu ndio mwamba wa mwisho."

Mke alikunja taulo, akauliza kama Jumapili boti huwa inakuja upande huu, aje kumwona Gogo. Msimamizi alisema huwa inakuja, atamwekea nafasi.