Namba Tasa ya Idsowe

Mafuriko ya mwaka hamsini na saba yalipopungua, Hulda alishuka shambani kwake Idsowe, jembe begani, akakuta mto umeandika namba. Tarakimu zilikuwa zimechimbwa kwenye tope, kila moja ndefu kuliko mtumbwi, zikianzia ukingoni mwa Tana na kuishia kwenye migomba ya jirani. Ya mwisho ilikuwa saba. Hulda aliiruka, akaanza kupanda mpunga, kwa sababu tope lilikuwa limeanza kukauka.

Shamba hilo alilifyeka yeye na mumewe. Sasa mume amekufa, watoto hawakujaliwa, na shemeji zake watatu, wakiongozwa na James, walitaka waligawane. Wazee wa gasa, baraza linaloamua kesi za Wapokomo, walikaa wakasema mto umeshalipima: namba ikigawanyika, shamba nalo ligawanywe. Wakamwita Mwalimu Jotham.

Jotham aliitembea namba nzima akiwa na fimbo. Mbili haikukubali, maana mwisho palikuwa na saba. Akajumlisha tarakimu zote ili ajaribu tatu, ikabaki moja. James hakukasirika. Alileta wanawe wawili na wapwa wawili ili wawe saba, na saba nayo ikakataa. Wakaitwa wakwe kutoka Tarasaa, wakawa kumi na mmoja, kisha kumi na watatu. Walipofika kumi na tisa walikuwa wanahesabu mpaka mimba. Inachosha hata kuisimulia. Hulda aliwapikia wote, kwa kuwa ni wageni, hadi mkono ukawa hauinui mwiko.

Watu walipokwisha, Jotham aliendelea na namba zisizo na watu. Alizeekea humo shambani. Kichwa kilijaa mvi na meno yakamtoka, ingawa lilikuwa bado juma lilelile. Mkewe Rebecca, aliyeolewa mwaka jana tu, aliacha kumletea mihogo, akawa anamletea uji.

Ijumaa jioni Jotham alikaa chini kwenye ile saba ya mwisho.

"Nimezimaliza zote," alimwambia Hulda. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Sisi walimu tunaiita namba tasa."

Hulda alitua jembe. Neno hilo alikuwa akiitwa kule wanakoteka maji, na jikoni kwa mama mkwe, miaka yote ya ndoa yake, na kila mara lilimuuma. Jioni hiyo halikumuuma.

"Tasa," alisema. "Kwa hiyo haigawanyiki."

"Haigawanyiki, dada."

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kesho yake wazee walimsikiliza Jotham kwa makini. Hakuna aliyeibishia hesabu. Walikubaliana kwamba shamba lisigawanywe, na kwa kuwa haligawanyiki, apewe James lote, maana mwanamke tasa hana wa kumwachia. Jotham alitaka kusema jambo, lakini alikuwa mzee mno na sauti haikufika.

James hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Hulda anaweza kuendelea kulima, mradi mavuno yapelekwe kwake kwanza.

"Tena, shemeji, ukipalilia usiifukie ile namba," alisema. "Ndiyo inayoonyesha kwamba shamba ni langu."

Hulda aliitikia. Akachukua jembe, akaanzia kwenye saba.