Kikombe cha Adhuhuri

Amadi, fundi viatu wa mtaa wa Kampemba, alioa mwanamke mbishi, na hilo alilijua tangu wiki ya harusi. Miaka thelathini sasa, hata malaria haikuwahi kumlisha mkewe, Kulthumu, mchana wa Ramadhani.

Ramadhani hii alikuwa na limfoma, aina ya saratani. Ilianza na uvimbe shingoni, usiouma. Madaktari wakadhani ni kifua kikuu, akameza dawa miezi sita bure, mpaka kikakatwa kipande kikapimwa. Muuguzi Marceline aliwaeleza bila haraka: chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili, zimeasi na zinazaana ovyo. Kwa kuwa zinatembea mwili mzima, kisu hakitoshi. Dawa ipite mshipani izifuate huko huko. Dripu sita, kila baada ya wiki tatu, hata uvimbe ukiisha. Na maji mengi, kulinda figo.

Baada ya dripu ya tatu uvimbe uliisha. Nywele nazo zilikwenda, na Kulthumu akacheka kwamba kitana kimepata likizo. Amadi alimstahi sana kwa kicheko kile.

Siku ya dripu ya nne, Marceline alikunja uso juu ya karatasi ya vipimo.

“Mama, unakunywaka mayi?”

“Ninakunywaka.”

“Saa gani?”

Kulthumu alitazama miguu yake. “Kisha jua kuzama.”

Amadi akang’amua. Kumbe uji wote aliomwachia mchana ulikuwa ukienda kwa jirani! Figo zimechoka, alisema Marceline. Dripu isubiri wiki moja, na kila wiki inayopotea ugonjwa unapata nafasi ya kurudi.

Njiani Amadi hakufoka; alimwita mkewe kwa jina la binti yao. “Mama Ramla, Mungu mwenyewe njo alisema mugonjwa asifunge.”

“Ninajua. Lakini hii ugonjwa ilininyang’anya nywele, nguvu, ata kazi. Mufungo tu njo ilibakia yangu.”

Amadi alitembea kando yake, akiogopa kumzika mkewe.

Kesho yake adhuhuri, watu wakielekea msikitini, Kulthumu alitoka na jagi na kikombe, akaketi mlangoni kando ya meza ya mumewe ya kushonea viatu.

“Kunywa mu nyumba,” Amadi alinong’ona. “Bantu batakuona.”

“Baone. Nikijificha, kesho nitaacha kunywa.”

Kulthumu alipiga bismillahi, akanywa mpaka chini. Bibi mmoja wa jirani alisimama kumkodolea macho. Kulthumu akamwamkia kwa adabu, akajaza tena. Amadi, koo kavu kwa saumu, alilia waziwazi. Miaka yote alimsifu kwa kustahimili kiu, kumbe kunywa ndiko kulikomgharimu.

Kulthumu alikunywa hivyo siku saba. Wiki iliyofuata vipimo vilikaa sawa, dripu ya nne ikaanza kudondoka.

“Baba, ulimushawishi namna gani?” Marceline aliuliza.

“Mi?” Amadi alisema. “Mi nilikuwa ninaangalia tu.”