Bwawa la Tolman Lilipokaushwa

Kampuni ilipotangaza kuwa kiwanda cha mbao cha Tolman kinafungwa, Lempi Rautio hakulia kama wengine. Alisikiliza tangazo palepale bwaloni, mikono imelowa maji ya viazi, kisha akarudi jikoni kuendelea kumenya. Watu wa zamu ya mchana walikuwa bado hawajala.

Tolman yote ilikuwa mali ya kampuni: nyumba, duka, shule, kanisa, hata taa za barabarani. Mji ulizaliwa kwa ajili ya miti ya milima ile ya Oregon, na sasa miti mikubwa ilikuwa imekwisha. Nyumba zingechomwa moto, ardhi ipandwe miche. Watu wakaanza kufunga virago. Familia moja iling'oa mlango wa jikoni ikaondoka nao, kwa kuwa ndipo walipokuwa wakichora alama za urefu wa watoto wao kila Krismasi.

Lempi hakuwa na cha kung'oa. Alikuja Tolman bibi harusi, ameletwa na Eino, Mfini mwenzake. Eino alikuwa mtu wa bwawani. Kutwa alitembea juu ya magogo yanayoelea, upondo mkononi, akiyasukuma kuelekea kwenye msumeno. Ujanani gogo lilimvunja mguu wa kushoto, ukapona ukiwa mfupi, na buti la upande huo likatiwa soli nene. Barabarani alichechemea, juu ya magogo alikuwa mwepesi kama paka.

Asubuhi moja ya Februari, ukungu umetanda, Eino alitoka nyumbani kwenda kazini na hakurudi. Wiki hiyohiyo Verna, mhudumu wa bwaloni, msichana wa kucheka sana, naye akaondoka bila kuaga mtu. Jirani yao, Orpha Stidham, akaapa kwamba amemwona Eino kwa macho yake, na koti lake la bluu, akipanda basi na Verna. Basi, mji ukaamini. Bwawa lilikuwa limepekuliwa kwa kulabu hadi adhuhuri tu. Habari ya basi ilipofika, kulabu zikatundikwa na magogo yakaendelea kuingia majini.

Lempi naye aliamini. Alizichoma nguo za Eino ndani ya pipa nyuma ya nyumba, na picha ya harusi juu yake. Binti yao, Irja, alipopata akili ya kuuliza, aliambiwa, "Baba yako alituona hatumtoshi." Baada ya hapo jina la Eino halikutajwa tena nyumbani. Lempi alishika kazi ya kupika bwaloni, na dirisha la jiko lake lilitazama bwawa. Akazeekea hapo.

Wiki za mwisho za kiwanda, lango la bwawa lilifunguliwa maji yatoke. Siku ya tatu Delbert Kinch, msimamizi wa wapasua mbao, alikuja mlango wa nyuma wa jiko, kofia mkononi.

"Bi Lempi, keti kidogo."

"Nina mikate tanurini, Delbert. Wewe sema tu."

"Bwawa limekauka. Karibu na lango kuna magogo ya zamani yaliyozama. Chini ya moja..." Akaitazama kofia yake. "Kuna mtu, mama. Ni mifupa. Na buti."

"Mabuti yamejaa humo. Kila mtu alikuwa anatupa humo."

"Hili lina soli nene. La kushoto."

Lempi aliitoa mikate, mmoja mmoja, akaifunika kwa kitambaa. Ndipo akamfuata.

Wanaume waliokuwa ukingoni walivua kofia. Delbert akamwambia tope ni zito, asishuke, lakini alikwisha kushuka. Tope lilimfika magotini. Akainama, akalishika lile buti kwa mikono miwili.

"Ulikuwa hapa," akasema. "Mimi napika, wewe uko hapa. Watu wanacheza dansi Jumamosi, wewe uko hapa."  Wanaume wawili wakashuka kumshika, naye akawakatalia.

Jioni ile Orpha alikuja na pai ya matunda ya porini. Alikuwa mzee sasa, anatembelea fimbo, ila mdomo ulikuwa uleule.

"Shoga, usinitazame hivyo. Mimi niliona koti la bluu. Nani mwingine alikuwa na koti la bluu?"

"Nusu ya Tolman, Orpha. Yaliuzwa dukani."

"Ulijua? Sasa mbona siku ile hukusema?"

 "Nilikuwa na hasira," akasema Lempi. "Ningesema, wangerudi kutafuta. Wewe ulikosea koti. Mimi nilikuwa mke wake."

Orpha akaiweka pai mezani.  Akaketi, na wale wanawake wawili wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Kampuni ilikuwa imekataza maziko mapya kwenye makaburi ya kilimani. Mtu mmoja akamkumbusha Delbert.

"Watanifanya nini?" akajibu. "Watanifukuza kazi?"

Aliwakusanya wenzake, wakawasha moto wa mtambo wa mvuke, wakapasua gogo moja la mwisho kwa jeneza la Eino. Waliokwisha kuhama walisikia habari, wakarudi na familia zao, magari yakajaa mbele ya shule iliyofungwa. Tolman, mtu akifa kazini, king'ora cha kiwanda kililizwa mara moja, kirefu, na kila mtu alisimama alipo. Kwa Eino hakikuwahi kulizwa. Delbert alivuta kamba mwenyewe, akaishikilia hadi mvuke ukaisha. Kilimani hakuna aliyesogea. Lempi alisimama wima, mkono wa Irja ndani ya wake.

Siku ya kuhama, Irja alikuja kumchukua kwa gari. Masanduku mawili tu, na sufuria kubwa ya supu ambayo Lempi alikataa kuiacha. Walipita daraja, wakaanza kuteremka mlima, mvua nyembamba ikinyesha.

"Mama," Irja akasema, macho barabarani, "alikuwaje?"

 Lempi hakujua aanzie wapi. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa amejifunza kutokumbuka.

"Alikuwa anaimba," akasema. "Aliyaimbia magogo. Sauti mbaya, Irja! Mbaya kama msumeno uliopiga msumari. Msimamizi alimwomba anyamaze, yeye akamjibu, magogo yenyewe hayajalalamika."

Irja akacheka, kisha akashindwa kuona barabara. Alisimamisha gari kando, akazima injini.

"Endelea," akasema.

Na mama yake akaendelea.