Mashine ya Kivuva na Kwelea wa Nuu

Mahindi yalikuwa yamekauka kwa ukame Nuu nzima. Chakula cha nyumba ya Kivuva mpaka mvua nyingine kilibaki shambani: mtama, masuke yameinama kwa uzito. Kazi iliyosalia ni kuamia ndege, na kila msimu mkewe Mutindi aliifanya juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, kombeo mkononi, akipiga kelele hadi koo limkauke.

Msimu huu Kivuva alirudi kutoka Kibwezi na kisanduku cha sola cha kufukuzia ndege. Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, akasimama nacho bila kuitwa.

"Wapendwa, mashine hii inatoa sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Ultrasaundi, ile ile ya hospitali. Kama inamwona mtoto tumboni mwa mama, itashindwaje kumwona kwelea juu ya suke? Dungu ni mambo ya giza. Langu nimelipasua kuni."

Kesho yake akakitundika kisanduku mtini shambani na kukiwasha. Hakusikia kitu, akaridhika sana. Mbwa wake alisikia. Alilia asubuhi nzima, kisha akahamia kwa jirani yao, Muli.

Kwelea wakaja kama moshi. Wengine walitua juu ya kisanduku chenyewe, wakapumzika, wakarudi mezani.

Binti wa Kivuva, Mutanu, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha uuguzi, alimtazama akibonyeza vitufe. "Baba, ile ya hospitali haioni. Inatuma mawimbi ya sauti mwilini, yakigonga kitu yanarudi kama mwangwi, na kompyuta inachora picha. Popo hutafuta wadudu vivyo hivyo. Mbwa naye huisikia sauti ya kisanduku chako. Lakini sikio la ndege halifiki huko."

"Kumbe ni viziwi?"

"Kwa sauti hiyo, viziwi kama wewe."

"Basi kosa ni lao," Kivuva akasema, akaongeza nguvu ya mashine.

Dungu la Mutindi lilikuwa limeshaivisha maharagwe, lakini mikono yake ilikuwa mizima. Akaenda kuamia kwa Muli, kwa ujira wa mtama. Kila alipovurumisha jiwe, kundi la kwelea liliruka, likavuka ua na kutua kwa mumewe.

"Mama Mutanu, unatuletea ndege shambani kwetu," Kivuva alilalamika.

"Mimi nawafukuza tu, Baba Mutanu. Huko kwako si kuna mashine? Nilijua wamefika mahali pa kushughulikiwa."

Wiki ya mavuno, shamba la Kivuva lilikuwa mabua matupu. Jioni alikula ugali wa mtama wa Muli, akaomba uongezwe, ndipo akamuuliza mkewe, akiangalia sahani:

"Muli anataka mtu wa pili?"

"Anataka mwenye koo. Tena shamba lake limebaki upande mmoja tu kuvunwa, usichelewe."

Alfajiri, wanawake waliokuwa wakienda mtoni na punda walisimama njiani kusikiliza. Juu ya dungu la Muli, mzee wa ultrasaundi alikuwa akibweka kwa sauti nene, na kwelea, waliomsikia vizuri sana, wakaruka.